Namba Zilizorudi Juu ya Kamera

Mpigapicha aliyejifunza kazi enzi za filamu akiulizwa ni nani aliyezifuta namba juu ya kamera, aghalabu huisingizia dijitali. Namba hizo zilianza kutoweka kwa kasi mwaka 1985, filamu ikiwa bado inatawala kila duka la picha, na kamera iliyoongoza ilikuwa yenyewe ya filamu: Minolta 7000. Mota ya kutafuta fokasi ilikaa ndani ya kamera, jambo lililowashtua washindani. Pale juu, watu walipozoea kuona gurudumu la kasi ya shata, pakawekwa vitufe na kidirisha cha kijivu chenye tarakimu. Betri ikiwa hai, kidirisha kinasema. Betri ikifa, kamera inakuwa bubu.

Mwaka uliofuata Canon ikatoa T90, yenye mabega ya mviringo yaliyotokana kwa sehemu na kazi ya mbunifu Mjerumani Luigi Colani. Gurudumu moja lisilo na namba liliwekwa karibu na kidole cha shahada, nalo lilibadilisha kazi kulingana na kitufe kilichobonyezwa. Mwaka 1987 Canon hiyohiyo ikaanzisha ukoo wa EOS, na lenzi zake hazikuwa tena na pete ya kufungua na kubana tundu. Kazi hiyo ilikabidhiwa umeme. Kamera za dijitali za kitaalamu zilipokuja zilirithi mwili ambao ulikuwa umekwisha kupoteza namba zake zaidi ya muongo mmoja nyuma.

Ndiyo maana historia ya kamera za dijitali zenye sura ya kale ni ndefu kuliko inavyosimuliwa madukani. Wauzaji huieleza kwa methali isemayo “ya kale ni dhahabu”: ngozi bandia, rangi ya fedha, kumbukumbu za ujana. Lakini wakongwe wa filamu walikuwa wakidai kitu mahususi zaidi, na miaka ishirini ya majaribio ya viwanda inaonyesha ni nani aliyewaelewa na ni nani aliyeishia kwenye sura.

Mpangilio waliouzoea ulianza Wetzlar, Ujerumani. Huko Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz, alibuni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Iliingia sokoni mwaka 1925 kupitia maonyesho ya Leipzig, kwa jina la Leica. Kufikia Leica M3 ya mwaka 1954 na Nikon F ya mwaka 1959, utaratibu ulikuwa umekomaa. Juu ya kamera kuna gurudumu la kasi: 60, 125, 250, 500, 1000, kila namba ikimaanisha nusu ya muda wa ile iliyotangulia. Kwenye lenzi kuna pete ya tundu: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, kila hatua ikikata mwanga kwa nusu.

Hatua moja huku hulipwa kwa hatua moja kule. Aliyekuwa akipiga kwa f/8 na sekunde 1/250, akitaka kumnasa mtoto anayekimbia, husogeza shata hatua moja hadi 1/500 na kufungua tundu hatua moja hadi f/5.6. Mwanga unaoifikia filamu unabaki uleule. Aliyekuwa na filamu ya ISO 100 alijua pia kwamba jua likiwaka, f/16 na 1/125 zitamtosha hata bila kipima mwanga. Umbali nao ulikuwa umechongwa kwenye lenzi. Ukiwa na lenzi ya milimita 35, ukabana tundu hadi f/8 na kuweka umbali wa mita 3, chochote kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hivi kitatoka kikali. Mpigapicha wa mitaani aliinua kamera, akabonyeza, akaishusha. Hakungoja fokasi, kwa kuwa alikwisha kuiweka tangu kona iliyopita.

Maamuzi hayo yote yalifanyika kamera ikining'inia shingoni. Ulitupa jicho chini ukajua picha inayofuata itakuwaje, kama dereva wa zamani anavyoijua gia yake kwa mkono. Nikon FM2 ya mwaka 1982 iliufikisha utaratibu huo kileleni: shata ya kimakanika iliyofika sekunde 1/4000, na vibetri vidogo kwa ajili ya kipima mwanga tu. Vikiisha katikati ya harusi, kamera iliendelea kupiga kwa kasi zake zote. Haishangazi kwamba FM2 ilibaki sokoni hadi mwaka 2001, miaka kumi na sita baada ya Minolta kuonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine, na mrithi wake FM3A akaendelea hadi 2006.

Wakati huo dijitali ilikuwa imekwisha kuwasili. Mwaka 1975, katika maabara ya Kodak, mhandisi Steve Sasson aliunda kamera iliyohifadhi picha kwenye kaseti. Kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa, nayo ilikuwa ya megapikseli 0.01. Ilichukua karibu robo karne kwa wazo hilo kuwafikia waandishi wa habari wengi, kwa Nikon D1 ya mwaka 1999 yenye megapikseli 2.7. Mwaka 2003 Canon EOS 300D ilishuka chini ya dola 1,000, na mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Mwaka 2006 Nikon ikatangaza kuachana na karibu kamera zake zote za filamu. Wakongwe walijikuta na makabati ya lenzi nzuri za chuma, zenye pete na namba, na mkononi kamera nene yenye vitufe vingi na menyu ndani ya menyu.

Wa kwanza kuwajibu alitoka nje kabisa ya biashara ya lenzi. Mwaka 2004 Epson, kampuni iliyojulikana kwa printa, ilitoa R-D1, kamera ya kwanza ya dijitali yenye kipima umbali: unatazama kwenye kidirisha, unazungusha lenzi mpaka taswira mbili ziwe moja. Mwili wake ulitokana na kamera za filamu za Cosina ya Japani, na ilipokea lenzi za Leica M. Epson ni sehemu ya jamii ya Seiko, watengeneza saa, na hilo lilionekana juu ya kamera: kulikuwa na uso mdogo wenye mishale ya kuonyesha betri, picha zilizobaki na mpangilio wa rangi. Skrini ya nyuma iliweza kugeuzwa na kufichwa. Ajabu kubwa zaidi ilikuwa wenzo wa kuvutia filamu. Filamu haikuwapo, lakini wenzo ulifanya kazi ya kweli: ulikoki shata, na bila kuuvuta hupati picha ya pili. Kamera hiyo ya megapikseli 6.1 iliuzwa kwa takriban dola 3,000 na haikuuzwa kwa wingi. Hata hivyo ilithibitisha kwamba dijitali inaweza kukaa ndani ya utaratibu wa kale bila kuuvunja.

Leica wenyewe walifuata mwaka 2006 na M8, nao walikutana na tatizo la kifizikia. Lenzi za kamera zisizo na kioo cha ndani hukaa karibu sana na filamu, hivyo mwanga wa pembeni huingia kwa kulala. Filamu haijali mwanga unatoka upande gani. Sensa inajali, kwa sababu kila nukta yake ni kama kisima kidogo: mwanga uliolala haufiki chini, na kona za picha huwa nyeusi. Dawa ilikuwa kusogeza vijilenzi vidogo vilivyo juu ya sensa, kadiri unavyokaribia ukingo, vielekee kule mwanga unakotoka. Sensa hiyo ilitengenezwa na Kodak, nyumba kuu ya filamu duniani. Ili kona zisipoteze ukali, kichujio cha mionzi ya infraredi kilichokuwa mbele yake kilifanywa chembamba mno, na nguo nyeusi za sintetiki zikaanza kutoka za zambarau. Leica ikalazimika kumpa kila mnunuzi vichujio viwili bure vya kufunga mbele ya lenzi. Kufikia tarehe 9 Septemba 2009, M9 ilipotangazwa ikiwa na sensa yenye ukubwa kamili wa fremu ya filamu, tatizo la zambarau lilikuwa limetatuliwa na lenzi ya mwaka 1954 iliona tena upana uleule iliokusudiwa.

Mwaka huohuo wa 2009 ulileta njia nyingine. Olympus ilikuwa ikisherehekea miaka 50 ya Pen, kamera ndogo ya nusu fremu ya mbunifu Yoshihisa Maitani, iliyotoa picha 72 kwenye filamu ya picha 36. Mwezi Juni ikatangaza E-P1, yenye mwili wa dijitali uliokumbusha mistari ya Pen. Maitani alifariki mwishoni mwa Julai, wiki chache baada ya jina la kamera yake kurudi madukani. E-P1 ilipendeza na iliuzwa, lakini wakongwe walioishika waliona haraka kilichokosekana: haikuwa na kidirisha cha kutazamia. Picha ilitungwa kwenye skrini, mikono ikiwa imenyooshwa mbele, na gurudumu la kasi halikuwapo. OM-D E-M5 ya mwaka 2012 iliongeza kidirisha cha kielektroniki na paji la uso la kamera za OM za miaka ya 1970, ila magurudumu yake ya juu yalibaki bila namba. Kamera ikizimwa, haisemi lolote.

Aliyelipata jibu ni Fujifilm, na alilipata akiwa kwenye shida. Mahitaji ya filamu duniani yalifika kilele mwaka 2000, kisha yakaporomoka. Ndani ya muongo mmoja yalibaki chini ya sehemu moja ya kumi. Chini ya Shigetaka Komori kampuni ilitafuta maisha mapya kwa kutumia ujuzi wake wa kemia, hadi ikaanza kuuza vipodozi vya Astalift mwaka 2007. Kodak, mpinzani wake wa karne nzima, aliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Katikati ya msukosuko huo, Septemba 2010, Fujifilm ilipeleka kwenye maonyesho ya Photokina mjini Köln kamera moja ndogo iliyoitwa X100.

Juu yake kulikuwa na gurudumu la kasi lenye namba. Kwenye lenzi yake isiyobadilishwa, ya milimita 23 inayotazama kwa upana wa milimita 35 za filamu, kulikuwa na pete ya tundu yenye namba. Kidirisha chake kilikuwa cha kioo halisi, chenye fremu na tarakimu zilizotupwa juu ya taswira; ukisukuma kijiwenzo cha mbele kinageuka kuwa cha kielektroniki. Akili kubwa zaidi ilikuwa herufi moja. Kila gurudumu lilikuwa na nafasi ya A. Ukiweka tundu kwenye A, kamera inakuchagulia tundu. Ukiweka kasi kwenye A, inakuchagulia kasi. Zote mbili kwenye A, inafanya yote. Zote kwenye namba, ni FM2. Lile gurudumu la programu lililotawala kamera nyingine likawa halihitajiki. Kasi na tundu vilisomeka kamera ikiwa imezimwa.

X100 ilitoka Machi 2011, mwezi uleule tetemeko na tsunami vilipoikumba Japani. Kiwanda chake kilikuwa Taiwa, mkoani Miyagi, katika eneo lililoathirika, na uzalishaji ukasimama kwa muda. Wanunuzi walioipata walilalamika kwamba fokasi ilikuwa nzito, na Fujifilm ikaendelea kutoa programu mpya za kuirekebisha kamera ambayo ilikwisha kuuzwa. Tabia hiyo iliwapendeza watu waliozoea kuiweka kamera moja miaka ishirini.

Fujifilm ilikuwa na mali nyingine ambayo wapinzani wake hawakuwa nayo: miongo ya maarifa ya rangi. Velvia, filamu yake ya slaidi ya mwaka 1990, iliwafundisha wapiga mandhari wa dunia nzima kupenda kijani kilichokolea. Sasa jina hilo likawa chaguo ndani ya kamera, pamoja na Provia na Astia. Mwaka 2014 ikaja Classic Chrome, yenye rangi zilizotulia za magazeti ya zamani, na mwaka 2016 Acros, iliyochukua jina la filamu ya nyeusi na nyeupe pamoja na chembechembe zake. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba filamu yenyewe ya Acros inakoma, kisha mwaka uliofuata ikairudisha ikiwa Acros II. Kwa kipindi fulani aliyeitaka Acros mpya aliipata kwenye kamera ya dijitali peke yake.

Nikon, mwenye FM2, alichelewa. Novemba 2013 alitoa Df, akiinadi kwa ahadi ya upigaji picha halisi, na kweli aliondoa video kabisa. Ndani aliweka sensa ya megapikseli 16.2 kutoka D4, kamera yake kubwa ya waandishi wa habari. Juu kulikuwa na magurudumu ya kasi, ISO na kurekebisha mwanga. Kijiwenzo kilichokunjwa pembeni ya mlango wa lenzi kiliwezesha lenzi za tangu mwaka 1959 kufungwa bila kuvunja kitu. Kwa mwenye kabati la lenzi hizo, hiyo pekee ilikuwa sababu ya kununua. Lakini mwili ulikuwa na gramu 710 dhidi ya 540 za FM2, bei ilikaribia dola 2,750, na kioo cha kutazamia hakikuwa na ile duara ya katikati inayokata taswira vipande viwili hadi fokasi itimie. Kamera iliyoundwa kwa ajili ya lenzi za kuzungusha kwa mkono ilimnyima mwenyewe chombo cha kuzitumia. Mashabiki na wapinzani wa Df wamebishana tangu siku hiyo, na kila upande una haki yake.

Gurudumu la ISO la Df linafundisha jambo jingine. Kwenye kamera ya filamu namba hiyo uliigusa mara moja kwa kila filamu: umeweka ya 400, basi ni 400 mpaka picha ya 36. Lilikuwa kumbukumbu tu. Dijitali imeifanya ISO kuwa uamuzi wa kila picha, hivyo mkongwe aliyejifunza kucheza na vitu viwili sasa ana cha tatu, na kurejesha sura ya kale kukazaa utaratibu mpya. Leica waliliona hilo. M10 ya mwaka 2017 ililiweka gurudumu la ISO upande wa kushoto, pale palipokuwa na kishikio cha kurudishia filamu, na mwili ukapunguzwa hadi ukakaribia wembamba wa kamera za filamu. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwenda mbali zaidi kwa M-D, kamera ya dijitali isiyo na skrini nyuma. Ulipiga, ukasubiri ufike nyumbani. Fujifilm nayo, katika X-Pro3 ya mwaka 2019, iliificha skrini upande wa ndani na kuacha nje kijidirisha kinachoonyesha kitu kama lebo ya boksi la filamu.

Kisha soko likabadilisha wanunuzi. X100V ilitoka Februari 2020, na kuanzia mwaka 2022 video fupi za mitandao ya kijamii ziliifanya iwe kitu cha kutafutwa na vijana ambao hawakuwahi kufunga filamu kwenye kamera. Bei ya kamera iliyotumika ikapita ya dukani. Mrithi wake, X100VI, alitangazwa Februari 2024 katika mwaka wa 90 wa kampuni, na toleo maalumu likafanywa la kamera 1,934 kwa heshima ya mwaka wa kuanzishwa. Nikon ilirudi ulingoni kwa Z fc ya mwaka 2021, yenye umbo la FM2, na Zf ya mwaka 2023, yenye swichi ya juu ya kuhamia nyeusi na nyeupe. Magurudumu yake yana namba zilizochongwa, na yanafanya kazi. Lakini lenzi za Z za Nikon yenyewe hazina pete ya tundu yenye namba, hivyo tundu linasomwa kwenye kijidirisha kidogo juu ya kamera. Nusu ya ile hesabu ya hatua kwa hatua imerudi. Nusu nyingine bado iko mikononi mwa umeme, pale Canon ilipoiacha mwaka 1987.

Mtu anaweza kudhani kwamba yote haya yaliizika filamu. Lakini Leica iliirudisha M6, kamera ya filamu ya mwaka 1984, kwenye uzalishaji mwaka 2022. Pentax ikatoa Pentax 17 mwaka 2024, kamera mpya ya nusu fremu yenye wenzo wa kweli wa kuvuta filamu, na ili kuutengeneza wahandisi vijana walilazimika kutafuta msaada wa wastaafu, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa unaelekea kupotea kiwandani. Wakongwe wengi leo hubeba zote mbili bila kuona mgongano, kwa sababu walichokidai hakikuwa kwenye filamu wala kwenye sensa.

Walidai waweze kuamua kabla ya kuwasha. Kwa hiyo anayeingia dukani leo na fedha zake, akiwa amevutwa na rangi ya fedha na ngozi bandia, ana jaribio rahisi lisilohitaji kusoma hata ukurasa mmoja wa maelezo. Aizime kamera, aitazame juu na kwenye lenzi, kisha aseme kasi, tundu na umbali wa picha inayofuata. Akiweza kuvitaja vyote vitatu, amepata kile mkongwe alichokuwa akikitafuta tangu 1985. Asipoweza, huenda bado ananunua kamera nzuri sana, ila sura ndiyo inayomtoa fedha mfukoni.